Ngamia Mia kwa Akili Iliyopotea

Mtu mmoja alirushiwa jiwe, likampata kichwani. Hakufa. Alipopata nafuu ikaonekana kwamba hasikii tena, ulimi umefungwa hatamki neno, akili imemruka, na unyumba umemshinda. Shauri lilifika kwa Khalifa Umar bin al-Khattab, aliyetawala kuanzia 634 hadi 644, na hukumu yake imesimuliwa na wapokezi tangu zama hizo: aliyerusha jiwe alipe dia nne. Dia moja ilikuwa malipo ya uhai wa mtu, ngamia 100. Majeruhi ambaye bado alikuwa anapumua alipata mara nne ya kile ambacho jamaa zake wangepewa kama angekata roho palepale.

Kwa nje mtu yule pengine alibaki na kovu moja tu. Umar hakuhesabu kovu. Alihesabu vilivyotoweka nyuma yake, kimoja kimoja, na kila kimoja akakipa thamani ya maisha mazima. Katika historia ndefu ya watu kudai haki baada ya kuumizwa ubongo, hukumu hiyo bado inasimama mbele kabisa, maana mzozo wenyewe haujabadilika: fuvu lililopasuka linaonekana na kupimika, lakini mtu aliyebadilika ndani ya fuvu hilo haonekani, na asiyeonekana ni rahisi kudhulumiwa.

Mafakihi waliokuja baadaye walipanga majeraha ya kichwa kama ngazi. Jeraha lililochana ngozi na nyama hadi mfupa ukaonekana liliitwa mudhiha, na fidia yake ilikuwa ngamia 5. Likivunja mfupa ni hashima, ngamia 10. Mfupa ukihama mahali pake ni munakkila, ngamia 15. Likipenya hadi kwenye utando unaofunika ubongo ni maamuma, na hapo mizani inaruka ghafla hadi theluthi ya dia, yaani ngamia 33 na theluthi. Mruko huo unaonyesha kwamba watu wale walijua wanachokisema. Hawakuwa na mashine ya kupiga picha ya ndani, lakini walikwishaona vitani na majumbani kwamba jeraha likigusa utando ule, mgonjwa hubadilika.

Ngazi hiyo ilifika pwani yetu ndani ya vitabu. Kuanzia Barawa hadi Kilwa na Ngazija, Waislamu wengi walifuata madhehebu ya Shafi, na kitabu walichokitegemea makadhi wao kilikuwa Minhaj al-Talibin cha Imamu al-Nawawi, mwanazuoni wa Sham aliyefariki 1277. Kilisomwa na wanafunzi waliokaa jamvini mbele ya mwalimu, neno kwa neno pamoja na sherehe zake. Sheikh Ahmed bin Sumayt, kadhi mashuhuri wa Unguja aliyefariki 1925, alilelewa katika elimu hiyo. 

Sura ya dia katika Minhaj ina mambo ambayo wakili wa leo anayeshughulikia madai ya ajali angeyasoma kwa mshangao. Kwanza, akili imetengwa na kichwa. Ngazi ya majeraha ina bei zake, na akili ina bei yake, dia kamili. Jeraha la ngamia 5 likiondoa akili, kwa kauli yenye nguvu ya madhehebu, mkosaji hulipa vyote viwili: 100 za akili na 5 za jeraha. Kidogo hakimezwi na kikubwa. Ikiwa wataalamu wanatarajia akili itarudi, hukumu husubiri.

Pili, kitabu kinajua kwamba kuna watakaosema uongo, na kinajua pia kwamba mgonjwa wa kweli atatuhumiwa uongo. Mtu anadai akili imempotea na mkosaji anakanusha. Kadhi afanye nini? Kitabu kinaelekeza mdai achunguzwe akiwa peke yake, pale anapodhani hakuna anayemtazama. Ikiwa hata faraghani maneno na vitendo vyake havishikani, anapewa dia yake, tena bila kuapishwa. Sababu ya kumsamehe kiapo ni ya kibinadamu na ya kisheria kwa pamoja: utamwapishaje mtu ambaye kesi yake yenyewe ni kwamba hana akili? Kwa anayedai uziwi, apigiwe ukelele akiwa usingizini au ameghafilika. Akishtuka, ameongopa.

Kuna waraka wa kitabibu wa Misri wa kale zaidi kuliko haya yote, ulionakiliwa karibu miaka 1600 kabla ya Kristo, wenye wagonjwa 48, na 27 kati yao ni wa kichwa. Mganga yule alitaja ubongo na kueleza mikunjo yake. Lakini yeye aliuliza tu kama mgonjwa atapona. Swali la nani atamlisha akipona nusu liliachiwa wanasheria.

Na nusu ndiyo ngumu. Wengi walioumia ubongo hawapotezi akili yote. Mtu anakumbuka jina lake na njia ya sokoni, ila anasahau alichotumwa; alikuwa mpole, sasa anapandwa na hasira kwa jambo dogo; anachoka saa nne asubuhi kama aliyelima tangu alfajiri. Kwa upungufu usiopimika namna hiyo mafakihi walimwachia kadhi akadirie, na makadirio hayo waliyaita hukuma. Namna ya kuyafikia inauma kuisoma: kadhi amchukulie majeruhi kana kwamba ni mtumwa sokoni, aulize angeuzwa kwa kiasi gani kabla ya jeraha na kiasi gani baada yake, kisha tofauti hiyo ailinganishe na dia. Pwani haikuhitaji kubuni soko hilo kichwani. Lilikuwapo Mkunazini, Unguja, hadi Sultani Barghash alipolifunga mwezi Juni 1873. Aliyesoma ukurasa ule mjini aliweza kutoka nje akaenda kuuliza bei.

Sheria hiyo haikuwa na usawa, na hilo lisemwe waziwazi. Dia ya mwanamke ilikuwa nusu ya ile ya mwanamume, ya Myahudi au Mkristo kwa Mashafi ilikuwa theluthi, na mtumwa alilipwa kwa bei yake. Lakini ilikuwa na nguvu moja iliyopotea baadaye. Dia ya kosa lisilo la kukusudia hailipwi na mkosaji peke yake. Hubebwa na ukoo wake wa upande wa baba, uitwao akila, kwa mafungu ya miaka mitatu. Masikini akimuumiza masikini mwenzake, malipo bado yanapatikana. Miongoni mwa Wasomali utaratibu huo ulikuwa na mizizi kiasi kwamba katika miaka ya 1950, ndani ya Somaliland ya Waingereza, koo ziliandikishana mikataba ya kulipiana dia na kuiweka katika ofisi za mabwana shauri. Ilikuwa bima kabla ya kampuni za bima.

Waingereza walipoishika pwani, mizani yote ilibadilika. Mashauri ya kuumizana yalitolewa kidogo kidogo mikononi mwa makadhi, wakabakiziwa ndoa, talaka na mirathi. Katiba ya Kenya ya 2010 bado inawawekea mipaka hiyo katika ibara ya 170. Chini ya sheria mpya za jinai, aliyempiga mwenzake rungu la kichwa alifungwa au kutozwa faini, na faini kwa kawaida iliingia katika hazina ya serikali. Aliyepigwa alirudi nyumbani na bandeji.

Akitaka fidia, ilimbidi afungue madai kwa sheria ya Uingereza, ambayo Kenya inaipokea kama ilivyokuwa tarehe moja: 12 Agosti 1897. Tarehe hiyo inastahili kutazamwa. Siku chache kabla yake jijini London sheria ya kwanza ya kuwafidia wafanyakazi wanaoumia kazini ilikuwa imepata ridhaa ya Malkia Victoria, lakini ilianza kutumika Julai 1898. Yaani ilichelewa meli. Mfanyakazi wa Kenya kwa kiasi kikubwa alibakiwa na kanuni ya zamani, iliyosema kwamba aliyeumizwa na uzembe wa mfanyakazi mwenzake hana cha kumdai mwajiri. Wakati huo Reli ya Uganda ilikuwa inajengwa kutoka Mombasa. Kati ya vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, 2,493 walikufa na 6,454 walitoka na ulemavu au afya iliyoharibika. Katika hesabu hiyo hakuna safu ya akili.

Huko Uingereza, reli ndiyo iliyoleta mahakamani majeraha yasiyoonekana. Abiria walitoka katika ajali bila mfupa uliovunjika, kisha wakapoteza usingizi, kumbukumbu na nguvu ya kufanya kazi. Mwaka 1866 daktari mpasuaji John Eric Erichsen alichapisha mihadhara akisema mtikisiko umedhuru mishipa yao ya fahamu. Mwaka 1883 Herbert Page, aliyekuwa daktari wa kampuni ya reli, alimjibu kwamba wengi wao wana hofu tu. Tangu hapo kila upande huja na daktari wake. Mwaka 1961 Henry Miller, bingwa wa mishipa ya fahamu wa Newcastle, aliwaambia wenzake kwamba wadai wengi wa majeraha madogo ya kichwa hupona wakishalipwa. Tafiti za baadaye zilimpinga, zikawakuta watu ambao hawakupona baada ya kulipwa, lakini kauli yake iliwafaa mno mawakili wa bima na haikufa upesi. Mafakihi wa Shafi angalau waliwasikiliza wote wawili, mwenye shaka na mgonjwa, halafu wakaweka jaribio.

Muda mfupi baada ya Miller, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliulizwa swali gumu: msichana wa miaka 20, ambaye hajazinduka kwa zaidi ya miaka mitatu tangu ajali ya gari, alipwe nini kwa kupoteza maisha ambayo hajui kwamba ameyapoteza? Majaji waliridhia pauni 15,000. Mwaka 1963 Baraza la Malodi likapokea kesi ya mama wa miaka 41 aliyeumia ubongo, anayeitikia kidogo tu. Likagawanyika watatu kwa wawili, na walio wengi wakaacha pauni 17,500 alizopewa. Msimamo wao ni kwamba hasara ni hasara hata kama aliyepoteza hawezi kuihuzunikia, na kwamba pesa haiwezi kuujenga upya mwili uliovunjika, mahakama inachoweza ni kutoa kiasi cha haki. Maneno ya Lord Morris, mmoja wao, katika kesi hiyo yamenukuliwa na majaji wa Kenya mara nyingi mno, kiasi kwamba mawakili wa ajali wanayajua kwa moyo. Umar angeitambua hoja hiyo.

Hukumu hizo huru zinakaa leo kando ya majedwali. Sheria ya Kenya ya mafao ya majeraha kazini ya 2007 ina orodha ya viungo na asilimia zake, na ulemavu kamili wa kudumu unahesabiwa kwa ujira wa miezi 96. Tanzania ilitunga sheria yake 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015, ukilipa kwa ulemavu mkubwa wa kudumu pensheni ya kila mwezi badala ya kitita kinachoisha kwa mkupuo. Hilo linamfaa sana mtu ambaye ubongo wake hauwezi tena kutunza fedha. Barabarani hali ni nyingine. Tangu 2006 kampuni ya bima nchini Kenya hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa majeruhi mmoja, hata hukumu ikizidi hapo. Kinachozidi kidaiwe kwa mwenye gari, ambaye mara nyingi hana kitu. Akila imekwenda, na bima iliyochukua nafasi yake ina dari. Oman, ambako familia nyingi bado zinazungumza Kiswahili cha Unguja, iliandika dia katika amri ya kifalme mwaka 2008: rial 15,000 kwa uhai, na bei za majeraha zikifuata chini yake.

Anayedai Dar es Salaam au Mombasa huanza na karatasi. Fomu ya PF3 ya polisi au nakala ya taarifa ya ajali, kadi ya hospitali, picha ya kichwa, namba ya kipimo cha Glasgow ambacho madaktari wanakitumia tangu 1974, kuanzia 3 kwa asiyeitikia kabisa hadi 15 kwa aliye macho na anayejibu. Ana miaka mitatu ya kufungua shauri, ingawa saa husimama kwa asiye na akili timamu, ambaye shauri lake hufunguliwa na ndugu kwa niaba yake. Tatizo ni kwamba wengi wanaondoka hospitali na 15 safi. Daktari ameandika kwamba mgonjwa yuko vizuri. Ni kweli kwa maana ya kitanda: anajua yuko wapi, anajua leo ni Jumanne.

Wakili mzoefu hapo humgeukia mke, au mama, au dada, yule anayelala nyumba moja na mgonjwa, kwa sababu hiyo ndiyo faragha ambayo kitabu cha kadhi kiliitafuta. Humwambia anunue daftari la shule na aandike kila siku, bila kupamba. Ameacha jiko likiwaka mara mbili wiki hii. Amemuuliza mtoto jina lake. Amelia akitafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake. Miezi inapita, daftari linajaa, linaanza la pili. Siku ya kusikilizwa, wakili wa bima anasimama na kusoma ile 15 kwa sauti, anamwuliza mke kama si kweli mumewe alitembea mwenyewe kuingia mahakamani. Ni kweli, anajibu. Kisha hakimu anamwomba afungue daftari, na mke yule anaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza, wakati mumewe, benchi la nyuma, anamwuliza aliye jirani yake wamekuja kufanya nini hapa.