Joy Adamson: Mchoraji wa mimea aliyegeuka mtetezi wa wanyamapori

JINA la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akarejeshwa mwituni. Ni wachache wanaofahamu kuwa kabla ya kusifika kwa uandishi, mama huyu alikuwa mchoraji, na kwamba uchoraji ndio uliomfunza kuyatazama kwa makini mazingira ya Kenya.

Alizaliwa Januari 20, 1910 kwa jina Friederike Victoria Gessner katika mji wa Troppau, ambao leo huitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Cheki. Aliwasili Kenya mwaka 1937 na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Mumewe alipokuwa akikusanya mimea nyikani na milimani, Joy aliichora kwa rangi za maji. Kazi hiyo haikuruhusu kubuni: umbo la jani na rangi ya ua vilipaswa kulingana na mmea wenyewe.

Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori kaskazini mwa nchi. Baadaye serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa jamii mbalimbali za Kenya pamoja na mavazi yao ya asili. Nyingi ya picha hizo zilihifadhiwa katika makumbusho ya taifa, Nairobi.

Mwaka 1956 George alimuua simba jike aliyemshambulia, akarudi nyumbani na watoto watatu wa mnyama huyo, mmoja wao akiwa Elsa. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa, *Born Free*, kilichapishwa mwaka 1960 na kupendwa duniani kote. Pato lake alilielekeza katika uhifadhi, ikiwemo Meru, eneo lililotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1966.

Hapo ndipo penye funzo. Picha peke yake haizuii shoka wala bunduki. Huweka kumbukumbu ya kilichopo, lakini ulinzi huhitaji fedha, sheria na askari wa mbuga. Joy alianza kwa kuweka kumbukumbu, akaishia kutafuta fedha za ulinzi.

Aliuawa Januari 3, 1980 huko Shaba, alikokuwa akimchunguza chui. Awali ilidhaniwa ameshambuliwa na simba, lakini uchunguzi ulibaini kuwa muuaji alikuwa binadamu. Nyumba yake ya Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, iligeuzwa makumbusho.