21 Ilitoka Wapi, na Nani Anasimama Kortini?

Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri wa kununua na kunywa pombe upandishwe kutoka 18 hadi 21. Mtandao uliwaka. Wengine walicheka, wengine wakauliza mbona ukiwa 18 unaweza kupiga kura lakini bia usubiri. Mimi nilikwama kwa hiyo namba. Nchi inayojulikana zaidi kwa 21 ni Marekani, na historia yake ina kitu ambacho hatukijadili hapa: huko, anayesimama mbele ya hakimu mara nyingi ni kijana mwenyewe.

Turudi 1933. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu 1920, ikashindwa, ikaruhusu tena. Kila jimbo likaachiwa lijitungie sheria zake za pombe. Mengi yalichagua 21, kwa sababu tu huo ndio ulikuwa umri wa kuitwa mtu mzima kisheria.

Kisha vita vya Vietnam vikaja. Vijana wa miaka 18 walilazimishwa kwenda kupigana, na hawakuwa na kura. Kelele zikawa nyingi, na 1971 katiba ikabadilishwa ili wapige kura. Majimbo karibu 30 yakasema basi, kama ni mtu mzima, mwacheni anywe pia. Umri ukashuka, kwingine 18, kwingine 19. Shida ikawa barabarani. Kijana wa jimbo la 21 alikuwa anavuka mpaka kwenda kunywa jimbo la 18, halafu anarudi usiku akiendesha gari amelewa. Ajali zikaua wengi.

Mei 1980, huko California, msichana wa miaka 13 anayeitwa Cari Lightner aligongwa na dereva mlevi akafa. Mamake, Candy Lightner, akaanzisha kundi la akina mama la MADD kupigana na ulevi barabarani. Lakini shika hili: dereva aliyemuua Cari hakuwa kijana. Alikuwa mtu mzima, na alishawahi kukamatwa kwa kuendesha akiwa mlevi.

Hata hivyo, sheria iliyotiwa sahihi na Rais Reagan Julai 1984 iliwalenga walio chini ya miaka 21. Serikali kuu haikuyalazimisha majimbo waziwazi. Ilishika pesa: jimbo likiacha walio chini ya 21 wanunue pombe, au wapatikane nayo hadharani, linakatwa asilimia 5 ya pesa za barabara, baadaye 10. South Dakota ilienda kortini kupinga. Mwaka wa 1987 Mahakama ya Juu ikaikataa, majaji 7 kwa 2. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamefuata.

Soma tena hayo maneno: kupatikana nayo. Kulewa si lazima. Kuna majimbo ambako kushika kopo tu ni kosa.

Chukua Texas. Polisi akikupata na bia ukiwa 19, anakuandikia tiketi ya kufika korti ndogo ya mji. Faini inaweza kufika dola 500. Juu yake kuna darasa la madhara ya pombe, kazi ya jamii saa 8 hadi 12 kwa kosa la kwanza, na leseni ya gari inasimamishwa siku 30. Ukiwa chini ya miaka 17, mzazi lazima aje mkasimame naye mbele ya hakimu.

Mtego uko hapa: wengi wanadhani ni kama faini ya kuegesha gari vibaya, lipa uende. Lakini kulipa ni kukubali kosa, na kosa linaandikwa kwa rekodi yako. Anayejua, au mwenye wakili, anamwomba hakimu aahirishe hukumu. Akitimiza masharti, kesi inafutwa. Hata aliyepatikana na hatia mara moja anaweza kuomba rekodi isafishwe akifika 21, lakini ni lazima aombe mwenyewe.

Hata binti ya rais alipitia hapo. Mwaka wa 2001, mjini Austin, Jenna Bush, miaka 19, hakupinga shtaka la kupatikana na pombe. Akapewa kazi ya jamii na darasa. Wiki chache baadaye akashikwa tena, akijaribu kununua pombe kwa kitambulisho cha mtu mwingine.

Sisemi 21 haikusaidia. Vifo vya vijana barabarani vilipungua, na utafiti mwingi unaipa hiyo sheria sehemu ya sifa. Lakini angalia mzigo ulibebeshwa nani.

Sheria yetu ya 2010, ile tunaiita ya Mututho, iliweka mzigo kwa mwingine: kosa ni la anayemuuzia au kumpa pombe mtoto. Kwa karatasi, poa. Kwa mtaa, tofauti. Nilikuwa na miaka 17 karao walipovamia pati ya ploti moja. Tuliobebwa ni sisi. Mathe alikuja kituoni usiku na pesa kwa kibeti, nikatoka. Hakuna hakimu, hakuna darasa, hakuna karatasi. Duka lililotuuzia lilifunguliwa kesho yake kama kawaida.

Kwa hivyo wakija na 21, usiwaulize umri tu. Waulize nani atashtakiwa. Kama ni kijana, atapata hakimu na nafasi ya kusafisha jina, au seli na mathe akitafuta pesa usiku? Na yule wa duka, naye lini? Bila hayo majibu, 21 itaongeza tu miaka mitatu ya watu wa kubebwa.