Giga 137: namna namba za diski ziliisha

Wandugu, ukigusa « Enregistrer » ju ya kuchunga TFC yako, nani anaifikisha mu diski? Ni programu ndogo yenye haionekane, inaitwa piloti. Inaambia diski: andika hii mu kisanduku namba fulani. Kila kisanduku kilikuwa kinabeba okteti 512. Sasa, historia ya piloti hizi ni historia ya namba zenye kuisha.

Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC: sahani 50, herufi milioni 5. Mwaka 1983 PC XT ikafika na diski ya mega 10. Wakati ile anwani ya kisanduku ilikuwa na vipande vitatu: silinda, kichwa, sekta. BIOS iliacha nafasi ya silinda 1.024. Diski za IDE zikaacha nafasi ya vichwa 16 tu. Kila upande peke yake ungeenda mbali. Lakini kwa kusikilizana, ilibidi kuchukua kidogo cha kila upande: 1.024 × 16 × 63 × 512. Fanyeni hesabu: mega 528 tu! Chuma ilikuwa na nafasi, namba ndizo zilikosa.

Ndipo wakaacha vipande vitatu, wakahesabu visanduku moja kwa moja kuanzia sifuri. Namba ikapewa biti 28. Mpaka mpya: giga 137. Kufika mwaka 2002, diski zilikuwa zimeshaupita.

Hapa sisi watu wa agronomia tunaelewa haraka. Kama vibao vya shamba la majaribio viko na tarakimu mbili tu, parseli 100 itaandikwa 00, na mbolea yake itamwagwa kwenye parseli ya mwanzo. Piloti yenye kukata namba hivyo inaweza kuandika video mpya juu ya mwanzo wa diski, pale penye kuwa orodha ya mafaili yote. Na haitakuambia kitu.

Kiwango cha ATA-6, mwaka 2002, kilipanua namba mpaka biti 48. Windows XP, yenye ilitoka 2001, ilipata dawa mu Service Pack 1, mwaka uliofuata.

Kwa hiyo, wewe mwenye kutia diski kubwa mu mashini ya zamani: angalia kwanza umri wa system. Kuona kama diski inafunguka haitoshi. Giga 100 za kwanza zitaandikika vizuri kabisa. Hasara inangojea kule mbele, na itaanza kula mafaili yako ya zamani.