Vijisenti, Mboga na Daftari la Wakala

Yapo maneno ambayo hayakutungwa na mshairi wala mwalimu wa Kiswahili. Yametoka kwenye akaunti za benki. "Vijisenti" ni moja, "hela ya mboga" ni jingine. Anayetaka kujua Watanzania tumeishije na kashfa za fedha toka mwaka 2008 aanze na maneno hayo mawili, maana kijiweni ndiko habari inakotafunwa mpaka ikalainika. Mimi ni mtu wa kijiwe, na huwa nasikiliza kuliko ninavyosema. Humu nataka kusimulia maneno hayo yalikotoka, halafu niulize swali moja linalonikera: hivi siri ya benki ni ya nani?

Tuanze na Aprili 2008. Gazeti la Guardian la London liliandika kuwa wachunguzi wa Uingereza, waliokuwa wakifuatilia rada ambayo Tanzania iliinunua kwa kampuni ya BAE kwa pauni milioni 28, walikuta dola zaidi ya milioni 1 katika akaunti iliyohusishwa na Mheshimiwa Andrew Chenge. Akaunti yenyewe ilikuwa Jersey, kisiwa kidogo kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa, ambacho wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukisikia. Wakati rada inanunuliwa Mheshimiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Habari ilipotoka alikuwa Waziri wa Miundombinu. Alikana kwamba fedha hizo zilihusiana na rada, na hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Lakini waandishi wa habari walipombana, alizitaja fedha hizo kuwa ni vijisenti. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiuzulu uwaziri.

Jamani, neno lile lilikimbia kuliko daladala la asubuhi! Kondakta akikurudishia chenji anakwambia shika vijisenti vyako. Mama ntilie akidai deni anauliza, vijisenti vyangu viko wapi? Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndani ya kicheko kile lakini mlikuwa na hesabu: kama dola milioni ni vijisenti, mimi ninayelala na elfu mbili mfukoni ninalala na nini?

Sasa angalia jinsi historia ilivyo na vituko vyake. Mwezi ule ule wa Aprili 2008, Vodacom ilianzisha M-Pesa hapa Tanzania. Watu ambao hawakuwahi kuvuka mlango wa benki wakaanza kutuma na kupokea fedha kwa simu, na mtunza siri wao akawa wakala. Wakala yule alikuwa na daftari la shule juu ya meza. Jina lako, namba yako ya simu, kiasi ulichotoa na sahihi yako, vyote humo, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibwe. Kalamu ililindwa, habari zako zikaachwa wazi. Aliyekuja nyuma yako alisoma mstari wako wakati akiandika wake. Kwa hiyo mwaka ule kulikuwa na fedha zilizojificha kisiwani ng'ambo, zikahitaji wachunguzi wa serikali nzima kuzifikia, na kulikuwa na fedha za muuza vitumbua, zinazosomwa na yeyote mwenye macho.

Neno la pili lilikuja na Escrow. Akaunti ya Tegeta Escrow ilifunguliwa Benki Kuu mwaka 2006, ikawekwa fedha za umeme wa IPTL wakati TANESCO ikibishana na kampuni hiyo juu ya gharama. Mwishoni mwa 2013 fedha zile zikatolewa. Novemba 26, 2014, Mheshimiwa Zitto Kabwe, aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, alisimama bungeni Dodoma na kusoma taarifa iliyotikisa nchi. Taarifa ilitaja shilingi bilioni 306. Ilitaja pia majina. Mfanyabiashara James Rugemalira, aliyeuza hisa zake asilimia 30 katika IPTL kwa dola milioni 75, alikuwa amewagawia watu fedha kupitia akaunti za Benki ya Biashara ya Mkombozi, na orodha ikawekwa hadharani: nani, lini, kiasi gani. Walikuwamo wanasiasa, majaji na viongozi wa dini. Mheshimiwa Chenge alitajwa tena, shilingi bilioni 1.6. Profesa Anna Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, naye bilioni 1.6.

Profesa alieleza kuwa fedha zile zilikuwa mchango kwa ajili ya shule. Lakini mwaka 2015, suala lilipofika Baraza la Maadili, ikazungumzwa milioni 10 aliyoitoa kwa matumizi yake mwenyewe, na maelezo yakawa kwamba ni ya mboga. Basi! Mpaka leo mtu akikuomba kitu kidogo cha jioni anasema nitoe hela ya mboga, na anayejibu anauliza, mboga ya kwetu au mboga ya milioni 10?

Yaliyofuata yanajulikana. Desemba 16, 2014 Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu. Desemba 22 Rais Kikwete, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, alisema fedha za Escrow hazikuwa za umma, na papo hapo akamwondoa Profesa Tibaijuka. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo aliachia Wizara ya Nishati na Madini. Kijiweni kwetu mabishano yalikuwa makali. Kama fedha si za umma, mbona mawaziri wanatoka? Na mzee mmoja fundi viatu, mtu wa maneno machache, aliuliza jambo ambalo sisi vijana tulilipita kwa kicheko: "Nyie mnafurahia karatasi za benki za watu kusomwa hadharani. Siku wakisoma yako, mtacheka?"

Swali la mzee yule lilinisumbua, nikaanza kutafuta asili ya siri ya benki. Nilidhani nitakutana na matajiri wa Uswisi. Nikakutana na mdeni.

Jina lake Tournier, mteja wa benki moja ya Uingereza, National Provincial. Alitoa fedha kupita salio lake, akawa anadaiwa pauni 9, shilingi 8 na peni 6. Alikubali kulipa pauni 1 kwa wiki, akaiachia benki jina la mwajiri wake mpya. Malipo yalipokatika, meneja wa tawi akapiga simu kazini kwake kuulizia anwani. Hakuishia hapo. Akaropoka kwamba bwana huyu anadaiwa, na kwamba inaelekea anacheza kamari. Mkataba wa Tournier wa miezi mitatu ulipokwisha, mwajiri hakumwongezea. Akaenda mahakamani, akashindwa mara ya kwanza, akakata rufaa. Hukumu ya rufaa, ambayo wanasheria huiita ya 1924, ilisema benki ina wajibu wa kutunza siri ya mteja, na ikataja milango minne tu ya kuitoa: sheria ikilazimisha, wajibu kwa umma ukidai, maslahi ya benki yenyewe yakihitaji, au mteja mwenyewe akiridhia. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Mwingereza, yetu ikiwamo, zimejifunza siri ya benki kutoka kesi hiyo.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea mzee. Orodha ya Escrow ilipita mlango wa pili. Kiongozi wa umma anapopokea mabilioni, umma una haki ya kuuliza, na Bunge ndilo mahali pa kuulizia. Wajibu wa siri ulizaliwa ili mtu mwenye deni la pauni 9 asipoteze kazi. Ukigeuzwa pazia la mkubwa, umeibiwa kwa mwenyewe.

Na mwenyewe je, yu hali gani? Hapa ndipo kicheko kinaponikwama kooni. Washkaji wengi wamekopa kupitia programu za simu, ile mikopo tunayoiita kausha damu. Unapakua, unabonyeza "nakubali" bila kusoma, na programu inachukua orodha ya majina yote yaliyo kwenye simu yako. Ukichelewa siku mbili, ujumbe unakwenda kwa shemeji, kwa mwenye nyumba, kwa bosi. Rafiki yangu alikopa shilingi 60,000 amlipie mtoto matibabu. Aliposhindwa kulipa kwa wakati, bosi wake alijua kabla ya mkewe. Tournier yule yule, miaka mia baadaye, ila sasa meneja hapigi simu moja. Mashine inapiga hamsini. Na sisi kijiweni tulifanyaje? Tulimcheka. Tulimpa na jina la utani.

Serikali haijakaa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Ni hatua. Lakini sheria bila mtu wa kulalamika ni kama ngoma isiyo na mpigaji, na mdeni ndiye mtu mgumu kuliko wote kulalamika, kwa sababu aibu imeshamziba mdomo. Aibu ile anailetewa na nani? Si programu peke yake. Ni sisi tunaousoma ule ujumbe kwa sauti na kuuzungusha.

Simwambii mtu aache kucheka. "Vijisenti" limefanya kazi ambayo makabati ya ripoti hayakuifanya: limemkumbusha hata asiyesoma magazeti kwamba Aprili 2008 kulikuwa na jambo. Kicheko cha namna hiyo ni kumbukumbu, na tukitunze. Ila kicheko kina uelekeo kama jiwe. Kinachorushwa juu, kwa mwenye bilioni aliyepewa dhamana na umma, ni haki ya mwananchi. Kinachorushwa kwa mwenye deni la elfu sitini kinamsaidia mkopeshaji kazi yake, tena bure.

Nyie mnaoandika, mnaotembea na madaftari mkitafuta hadithi, mna kazi hapa. Maneno ya wakubwa tayari tunayo, yameingia mpaka kwenye masoko. Ya mdeni hatuna hata moja. Hatuna neno la Kiswahili la kile anachokisikia mtu pale simu ya bosi inapolia mlio wa ujumbe, naye anajua umetoka wapi.