Uongo wa Polepole

Mwaka 1920 kijana mmoja wa Kimarekani, Edwin Link, alilipia somo lake la kwanza la urubani huko California, kwenye uwanja wa ndege wa Sydney Chaplin, kaka yake Charlie Chaplin. Ndege ikapaa, ikapinduka, ikajizungusha, ikarudi chini. Muda wote huo Link hakugusa usukani hata mara moja. Alikuwa amelipa ili akae kama mzigo.

Kila anayejenga simuleta ya ndege nyumbani kwake leo, ile yenye kiti kinachoinama na kutikisika juu ya miguu ya umeme, anarudia kazi iliyoanzia kwenye kinyongo cha kijana huyu, ajue asijue. Nimeifuatilia historia hiyo kwa miezi kadhaa kwa ajili ya masomo yangu, nikidhani naandika juu ya mashine. Nimeishia kuandika juu ya sikio.

Baba yake Link alikuwa na kiwanda cha vinanda mjini Binghamton, jimbo la New York. Kilitengeneza piano zinazojipiga zenyewe na ogani za majumba ya sinema, enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti. Siri ya vinanda hivyo ilikuwa hewa. Pampu inavuta, karatasi yenye matundu inafungua na kuziba vijia, mivukuto midogo inajaa na kunywea, nyundo inapiga waya. Link alikulia ndani ya kazi hiyo. Alizijua vali kama fundi cherehani ajuavyo sindano.

Kati ya 1927 na 1929, katika chumba cha chini cha kiwanda, alichukua vifaa hivyohivyo vya kinanda akaviunda upya. Alitengeneza kindege kifupi chenye vibawa, akakiweka juu ya kiungo kinachogeuka kila upande, na chini yake akapanga mivukuto minne. Ukisukuma usukani mbele, vali inafunguka, mvukuto mmoja unanywea, wa upande wa pili unajaa, na pua ya kindege inainama. Ukivuta, pua inapanda. Mwanafunzi angeweza kukosea mara mia bila kuunguza tone la petroli wala kuvunja mfupa.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Karibu na 1910, kampuni ya Antoinette ya Ufaransa ilikuwa na kifaa cha mazoezi kilichoundwa kwa nusu mbili za pipa, moja juu ya nyingine. Mwanafunzi aliketi juu, na wasaidizi wakalisukuma pipa huku na huku kwa mikono naye akijitahidi kulisawazisha. Tofauti na pipa hilo, kindege cha Link kilijibu mkono wa mwanafunzi mwenyewe.

Alipoomba hataza mwaka 1929, alikieleza kuwa kifaa cha kufundishia marubani na pia cha burudani. Shule za urubani hazikuvutiwa. Waliokinunua ni wenye viwanja vya michezo, ambako watu walitia sarafu, wakacheka, wakashuka. Kwa miaka kadhaa hilo ndilo lililokuwa soko lake kubwa.

Ili kuelewa ni kwa nini mashine hiyo baadaye ilitoka kwenye bembea ikaingia jeshini, inabidi tuache kiwanda tuingie kichwani.

Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma, kuna mifereji mitatu midogo ya nusu duara iliyojaa majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji yanachelewa kidogo kufuata, yanasukuma vinyweleo, na ubongo unaambiwa: tunageuka. Lakini ukiendelea kuzunguka kwa kasi ileile, majimaji yanaufikia mwendo wa kichwa, vinyweleo vinasimama wima, na ubongo unaambiwa: tumetulia. Ukisimama ghafla, majimaji yanaendelea kwenda, nawe unahisi unazungukia upande wa pili. Kila mtoto aliyewahi kujizungusha uani hadi akaanguka anaijua hali hiyo, ingawa hajui jina lake.

Robert Bárány, daktari wa Vienna, alipewa Tuzo ya Nobel ya 1914 kwa kazi yake juu ya mfumo huo, na kiti cha kuzungusha wagonjwa kikachukua jina lake. Mwaka 1926, huko San Francisco, daktari wa jeshi David Myers alimketisha kwenye kiti cha namna hiyo rubani mzoefu, William Ocker, akamfunga macho na kumzungusha. Ocker alikuwa ameruka kwa miaka mingi, lakini alishindwa kusema anaelekea wapi. Akarudi na kisanduku alichokitengeneza mwenyewe, ndani yake kikiwa na taa na kipimo cha mgeuko, kinachofanya kazi kwa pia inayozunguka. Akitazama kisanduku hicho tu, alijibu sawasawa kila mara. Pia haikuhadaika, yeye alihadaika.

Nililijaribu jambo hili bwenini kwa kiti cha ofisi na khanga. Ninayeishi naye chumba kimoja alinifunga macho akanizungusha taratibu, bila kuongeza wala kupunguza kasi, kisha akakishika kiti.

"Sasa unaelekea wapi?"

"Kushoto," nikasema, bila shaka yoyote.

"Kiti kimesimama, ndugu yangu."

Nilibisha. Nilipofungua khanga ukuta ulikuwa mahali pake. Kilichonitisha si kukosea, maana hukosea kila siku. Ni jinsi nilivyokuwa na uhakika.

Sasa mweke mtu mwenye uhakika huo ndani ya wingu, mita elfu moja juu ya ardhi, haoni upeo wa macho. Ndivyo marubani wengi walivyokufa. Ndege inaanza kulalia upande polepole, sikio halisemi neno, na rubani anapokuja kushtuka anairekebisha kwa hisia, yaani anaizidishia kosa.

Februari 1934 Rais Franklin Roosevelt alifuta mikataba ya kampuni za kubeba barua kwa ndege na kulikabidhi Jeshi la Anga kazi hiyo, katikati ya baridi kali. Marubani wengi wa jeshi hawakuwa na mazoezi ya kutosha ya kuruka kwa kutazama vipimo peke yake. Kabla hata kazi haijaanza rasmi, watatu walikufa katika safari za kujifunza njia, kwenye hali mbaya ya hewa. Wengine wakafuata. Maofisa wa jeshi walipanga kukutana na Link mjini Newark, na siku hiyo ukungu ukawa mzito hivi kwamba walidhani hawezi kufika. Alifika. Alikuwa ameruka kutoka kwao akitazama vipimo tu. Mwaka huohuo jeshi likanunua mashine 6, kila moja kwa dola 3,500.

Kindege cha sarafu kikawa shule. Kilipakwa rangi ya buluu, na marubani wakakiita sanduku la buluu. Mwanafunzi aliingia, kifuniko kikashushwa, akabaki gizani na vipimo vyake. Mwalimu aliketi mezani nje, akizungumza naye kwa chombo cha masikioni, huku kigari chenye magurudumu matatu, kilichoitwa kaa, kikichora kwa wino juu ya ramani njia ambayo mwanafunzi angekuwa amepita angani. Katika Vita vya Pili vya Dunia mashine kama 10,000 zilitengenezwa, na wanaanga zaidi ya 500,000 wakapita ndani yake.

Hapa ndipo nilipokwama kwa majuma mawili. Link alihangaika kukipa kindege chake mwendo, kiiname, kizunguke, kitikisike. Lakini somo kuu lililofundishwa ndani ya sanduku lile lilikuwa kuupuuza mwendo. Tazama vipimo, mwili wako unaongea, usiusikilize. Mwendo uliwekwa humo ili mtu ajifunze kutouamini.

Baada ya vita mivukuto ilistaafu. Katika miaka ya 1950 mhandisi Eric Gough, wa kampuni ya matairi ya Dunlop nchini Uingereza, alijenga jukwaa lililosimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika, ili kulipima tairi likielemewa kutoka kila upande. Huko Philadelphia, Klaus Cappel alifikia umbo kama hilo kwa njia yake mwenyewe katika miaka ya 1960. Mwaka 1965 Mwingereza mwingine, D. Stewart, akachapisha makala akipendekeza jukwaa la miguu sita kwa ajili ya simuleta za ndege. Ni jina la huyu wa mwisho lililoshika. Leo simuleta kubwa za mashirika ya ndege husimama juu ya miguu sita ya namna hiyo.

Tatizo ni kwamba miguu ina mwisho. Ndege halisi inaweza kuongeza kasi kwa nusu dakika nzima. Jukwaa linaweza kusogea mita moja na ushei, kisha limefika ukingoni. Kwa hiyo wahandisi wanadanganya. Ndege ya kwenye skrini inapokimbia kwenye njia ya kurukia, jukwaa linaegemeza kiti nyuma, na uzito wa mwili wako unakusukuma mgongoni. Sikio haliwezi kutofautisha kuegemea na kuongeza kasi, hasa macho yakiwa yameonyeshwa njia inayokimbia. Kisha, ili lipate nafasi ya tendo linalofuata, jukwaa linarudi katikati. Linarudi taratibu mno, chini ya kiwango ambacho sikio linaweza kugundua. Unarudishwa ulikotoka na hujui.

Ujanja huo uliogharimu mamilioni sasa uko gereji. Tangu Microsoft ilipotoa Flight Simulator mwaka 1982, kuruka kwa skrini kumekuwa mchezo wa nyumbani, na wenye subira wameongeza mwili: fremu ya chuma, kiti cha gari lililochakaa, mota za waipa au za viti vya magurudumu, na kisakiti kidogo kinachosoma hesabu za programu na kuziamuru mota. Wengi huanza na miondoko miwili, kuinama mbele na nyuma, kulia na kushoto. Wakimaliza, swali la kwanza ni lilelile: je, inahisi kama kweli?

Naliheshimu swali hilo. Link naye alianzia hapo, na bila watu wa kuuliza hivyo tusingekuwa na mashine hizi. Lakini siwezi kulisikia bila kukumbuka Douala.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507, Boeing 737-800 iliyokuwa na umri wa miezi kama sita tu, iliondoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi ikiwa na watu 114. Nje kulikuwa na giza na dhoruba. Ndege ilianza kulalia kulia, polepole. Ripoti rasmi ya uchunguzi inataja mambo kadhaa, yakiwemo uratibu hafifu kati ya marubani na kutofuata taratibu, lakini katikati yake kuna jambo hili: mgeuko wa polepole na wa muda mrefu, vipimo havikukaguliwa, na nje hapakuwa na kitu cha kuonekana. Kengele ya tahadhari ilipolia, rubani hakujua tena juu ni wapi. Ndege iliangukia kwenye mikoko, kilomita chache kutoka uwanjani. Hakuna aliyepona.

Upole ule ule unaolirudisha jukwaa katikati bila sisi kuhisi ndio ulioilaza ndege ile. Kwenye gereji tunauita uhalisia, na tunaupenda kwa sababu unatudanganya vizuri.

Ningekuwa na fremu na mota, ningejenga. Ila siku ya kwanza nisingewasha skrini. Ningemwomba mwenzangu anifunge khanga, aendeshe jukwaa apendavyo, nami niseme kwa sauti ninakoelekea, yeye aandike. Baada ya hapo ningefungua macho, nisome karatasi yake, ndipo nianze kujifunza kipimo kile kidogo cha katikati ya dashibodi, chenye mstari unaoonyesha upeo wa macho.