Postikadi za kale za Mombasa
Kadi za picha zilizotumwa kwa posta kutoka Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20. Huonyesha Ngome ya Yesu (gereza tangu 1895 hadi 1958), vichochoro vya Mji wa Kale, na matroli yaliyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba hadi Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Umri wa kadi husomwa kwenye stempu: za anna zilitolewa kabla ya za senti kuanza 1907, na zenye sura ya Mfalme George V zilianza 1912. Kubandua stempu ni kuiharibu kadi, kwani muhuri wa posta, wenye mahali na tarehe, hukatika vipande viwili.