Kiu ya Elektroni

Katikati ya miaka ya 1950, watu wa afya walipita nyumba kwa nyumba kwenye miinuko ya Nandi, jirani kabisa na mashamba ya chai ya Kericho, wakipulizia kuta dieldrini. Malaria ilikuwa imezoea kupanda milima na kuua.  Lakini kama ungeuliza ni kiasi gani cha dieldrini kimebaki kwenye udongo au kwenye maziwa ya ng'ombe, ungekosa wa kukujibu. Kiasi kidogo hivyo hakikuwa na mashine ya kukiona.

Mashine ilikuja 1957, London, kwa mkono wa James Lovelock. Ni kimkebe tu. Ndani yake kuna chanzo kidogo cha mionzi kinachojaza gesi elektroni, na elektroni hizo zinabeba mkondo mdogo wa umeme. Ikipita molekuli yenye klorini nyingi, kama dieldrini au DDT, inanyakua elektroni na mkondo unashuka. Unapima ulivyoshuka, basi. Yaani sumu inajitaja yenyewe kwa ulafi wake. Mimi naona hii ni mojawapo ya mbinu tamu zaidi katika kemia ya karne iliyopita, na niliacha chuo bila mhadhiri hata mmoja kuigusia.

Sasa, mbona molekuli nyingine zinanyakua na nyingine hazitaki? Benzini, kwa mfano, ukiipa elektroni haikai nayo. Wayne Wentworth na Ralph Becker, kule Houston, waliligeuza swali hilo kuwa kipimo mwaka 1962. Walipasha kimkebe joto. Molekuli yenye kiu ndogo ikipata joto inaiachilia elektroni. Yenye kiu kubwa inang'ang'ana. Kutokana na joto linalohitajika, unaweza kukokotoa kiu yenyewe, ambayo wanakemia huipima kwa elektroni-volti.

Shida moja: mkondo ukishuka, unajua elektroni imeibwa, lakini humjui mwizi. Pengine molekuli imevunjika na elektroni imeondoka na kipande cha klorini. Hapo unahitaji mashine ya kupima uzito wa ioni hasi, yaani molekuli ikiwa imeshabeba elektroni yake.

Miaka ya 1980, Paul Kebarle na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifanya kitu ambacho mtu wa matatu ataelewa haraka. Waliweka aina mbili za molekuli kwenye chumba kimoja, elektroni zikiwa chache, kama abiria wanaogombania viti. Elektroni zilihama kutoka aina hii kwenda ile na kurudi, mpaka hali ikatulia. Kisha wakapima: ioni za aina gani ni nyingi, na kwa uwiano gani? Uwiano huo ndio tofauti ya kiu. Wakaenda jozi kwa jozi, wakajenga ngazi ndefu, wakaisimamisha juu ya salfa dioksidi, ambayo kiu yake, karibu 1.1, ilishajulikana kwa njia nyingine.

Kwenye ngazi hiyo kuna molekuli inayotuhusu huku: anthrakwinoni, karibu 1.6. Moshi wa kuni unaizaa. Viwanda vya chai vya Kericho na Bomet hukausha majani kwa joto la boila, na boila nyingi zinakula mikaratusi. Watafiti wamenyooshea kidole moshi huo, pamoja na karatasi za kufungashia. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 0.02 tu kwa kilo ya chai. Piga hesabu: miligramu 20 kwenye tani nzima.

Maabara nyingi leo huisaka kwa ioni chanya, na hilo ni sawa. Ila njia ya ioni hasi ina faida yake: vitu vingi vilivyomo kwenye chai havina kiu, kwa hivyo vinanyamaza, na ile yenye kiu inabaki ikionekana.

Mama anayechuma majani mawili na chipukizi kule Konoin hana anthrakwinoni kwenye kikapu chake kwa sababu ya lolote alilofanya. Ikiingia njiani, bei inayoshuka ni yake pia, na kwenye karatasi ya malipo hakuna mstari unaomwambia kwa nini.